Leseni ya Chumba cha Mionzi ni Amana

(Hii ni hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi na vijana katika ukumbi wa msikiti, baada ya sala ya Adhuhuri. Tunaichapisha kwa manufaa ya wasomaji wetu ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria. – Mhariri)



Nimeombwa na viongozi wetu nizungumze nanyi juu ya kazi yangu ya kupiga picha za mionzi hospitalini, ile ambayo wengi wetu tunaiita kazi ya eksirei. Ombi hili lilikuja baada ya vijana wetu 3 kumaliza kidato cha sita katika masomo ya Fizikia, Kemia na Biolojia, na wazazi wao wakawa wanauliza: Je, kwa masomo haya mlango ni mmoja tu, yaani udaktari? Nimeitika kwa furaha, ingawa nakiri kwamba mimi si msemaji wa majukwaani. Nimezoea kuzungumza na mgonjwa mmoja mmoja, na maneno ninayoyasema mara nyingi kuliko yote ni haya: "Vuta pumzi. Izuie. Haya, pumua."

Ndugu wapenzi, ningeweza kuanza kwa kuwahesabia mishahara na vyeo. Lakini nimeona ni bora niseme jambo moja ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulifahamu, nalo ni hili: leseni ya kufanya kazi katika chumba cha mionzi ni amana aliyokabidhiwa mtu juu ya miili ya watu wasioweza kuikagua kazi yake. Mkilishika hilo, mengine yote nitakayoyasema yatajipanga yenyewe.

Kitu kisichoonekana

Mionzi ya eksirei haina rangi, haina harufu, haina sauti, wala mgonjwa hasikii joto lake. Mtu akishonewa kanzu vibaya ataivaa na kuona kwamba bega limepanda. Akipikiwa pilau likaungua atalisikia harufu kabla ya kulionja. Lakini aliyepigwa picha mara 3 kwa sababu mpigaji alikosea mara 2 za mwanzo, hana namna ya kujua. Yeye huvaa nguo zake na kushukuru. Aliyewekewa alama ya kushoto juu ya upande wa kulia hajui pia, na daktari ataisoma picha ile kama alivyoletewa. Hapo ndipo mtu anaweza kufunguliwa upande ulio mzima.

Mionzi hii iligunduliwa na Wilhelm Conrad Röntgen katika mji wa Würzburg, Ujerumani, mwezi Novemba mwaka 1895. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa, na hakutaka kuchukua hataza ya ugunduzi wake, ili dunia nzima inufaike. Lakini watu wa mwanzo walioitumia hawakujua madhara yake. Walijaribia mashine kwa mikono yao wenyewe kila siku. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison huko Marekani, aliungua mikono, ikakatwa, na hatimaye akafariki kwa saratani mwaka 1904. Mwaka 1936 mnara wa kumbukumbu ulisimamishwa katika mji wa Hamburg, ukiwa na majina zaidi ya 160 ya madaktari, mafundi na wanasayansi waliopoteza maisha kwa sababu ya mionzi.

Basi, kila kanuni inayofundishwa chuoni leo imenunuliwa kwa mikono na roho za watu wale. Mwanafunzi anapoona uvivu wa kuvaa aproni ya risasi au wa kufunga mlango wa chumba, anatupa kitu kilicholipiwa kwa gharama kubwa.

Siku niliyoona haya

Sasa nitawasimulia kisa changu mwenyewe, nacho hakinipi sifa.

Nilikuwa katika mafunzo kwa vitendo, katika hospitali moja ambayo sina haja ya kuitaja, kwani kosa lilikuwa langu. Aliingia mwanamke wa makamo ya miaka 30, anaumwa mgongo, amesindikizwa na mama mkwe wake. Katika fomu palikuwa na nafasi ya kuandika tarehe ya hedhi ya mwisho, na nafasi ile ilikuwa tupu. Wajibu wangu ulikuwa kumtoa mama mkwe nje kwa adabu, kisha kumwuliza mgonjwa swali lile. Nilikuwa kijana, na swali lenyewe ni la faragha. Nikaona haya. Nikaweka kistari katika nafasi ile, kana kwamba nimeuliza na kujibiwa, na nikapiga picha 2 za kiuno.

Baada ya wiki 2 alirudi kufanyiwa altrasaundi, akaonekana ni mjamzito. Mimba ilikuwa tayari tumboni siku ile nilipompiga picha. Alinikuta kwenye ukumbi wa kungojea, akanishika mkono wa shati na kuniuliza, "Daktari, mwanangu yuko salama?" Aliniita daktari, nami sikuwa daktari, na hata leseni sikuwa nayo. Sikuwa na jibu.

Mwalimu wangu, mama mmoja mtu mzima ambaye hakuwahi kunipandishia sauti, alichukua rekodi za mashine, akapiga hesabu ya dozi iliyomfikia mtoto, kisha akaketi na mama yule kwa zaidi ya saa moja. Alimweleza kwamba madhara ya mionzi kwa umbo na ubongo wa mtoto aliye tumboni yamejulikana kwa dozi zipatazo miligrei 100 na kuendelea, na kwamba dozi ile ilikuwa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Alhamdulillahi, mtoto alizaliwa mzima. Lakini mama yule alibeba mimba yake kwa hofu kwa miezi yote iliyobaki, hofu ambayo swali moja lingeizuia.

Mwalimu aliniambia neno moja tu: "Wewe umeona haya, na gharama yake amelipa yeye." Usiku ule nilitaka kuacha masomo. Niliendelea kwa sababu mwalimu aliniamuru niandike kwa mkono wangu taarifa ya kosa lile, niitie saini, na kuipeleka kwa mkuu wa idara. Kuanzia siku ile nilifahamu kwamba haya ni jambo jema, lakini haya inayomfanya mtu aandike uongo katika fomu ya mgonjwa si haya, ni khiyana.

Njia ya masomo

Vijana wapenzi, njia yenyewe ni hii. Kwa aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu Fizikia, Kemia na Biolojia, ziko stashahada katika vyuo vya afya, zinazosimamiwa na baraza la taifa la elimu ya ufundi, ambalo kwa kifupi huitwa NACTVET. Kwa aliyemaliza kidato cha sita, iko shahada. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilichoko Dar es Salaam kinafundisha fani hii, na kadhalika chuo kikuu cha afya kilichoko Bugando, Mwanza. Mwenye stashahada naye anaweza baadaye kujiendeleza hadi shahada. Sifa za kuingia hubadilika, kwa hiyo kila mwaka msome mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu kabla ya kuomba, wala msitegemee maneno ya barazani.

Masomo yenyewe ni ya jasho. Utajifunza maumbile ya mwili, mfupa kwa mfupa na mshipa kwa mshipa. Fizikia ya mionzi. Namna ya kumlaza mgonjwa aliyevunjika bila kumwongezea maumivu. Magonjwa na sura zake katika picha. Na maadili ya kazi. Utajifunza mambo 3 yanayomkinga mtu na mionzi: kupunguza muda, kuongeza umbali na kuweka kizuizi. Kwa mfano, ukiwa mita 1 kutoka kwenye chanzo cha mionzi kisha ukasogea hadi mita 2, dozi inashuka hadi robo. Ukifika mita 3, inashuka hadi sehemu moja ya tisa. Hatua chache tu za miguu, nazo ni sehemu ya elimu. Na katika fani hii zimo pia siti skani, emarai, altrasaundi, na tiba ya saratani kwa mionzi, kama ile inayotolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Ukimaliza chuo, usidhani umefika. Mhitimu wa shahada hupitia utarajali wa mwaka mmoja hospitalini, akifanya kazi chini ya macho ya wakubwa wake. Kisha huja usajili. Bunge lilitunga mwaka 2007 sheria ya wataalamu wa radiolojia na picha za tiba, na kwa sheria hiyo likaundwa Baraza linalosajili wataalamu hawa, kuwapa leseni, na kuwachukulia hatua wanaokiuka maadili. Leseni ina muda wake. Huhuishwa, na mwenye nayo anatakiwa aendelee kujifunza. Mashine nazo zina msimamizi wake: Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyo chini ya sheria ya mwaka 2003, ndiyo inayokagua vyumba na mashine, na ndiyo inayosoma vile vipima mionzi tunavyobandika kifuani.

Wako ndugu zetu walioko Marekani ambao huuliza njia ya huko. Huko iko taasisi ya usajili iliyoanzishwa mwaka 1922, iitwayo kwa kifupi ARRT. Inadai mambo 3: elimu, maadili na mtihani. Tangu mwaka 2015 mwombaji sharti awe na shahada, angalau ile ya miaka 2. Mtihani wa fani ya picha za eksirei una maswali 200 yanayohesabiwa alama, na mtu hupewa nafasi 3 za kuufanya ndani ya miaka 3. Akifaulu, kila baada ya miaka 2 huleta ushahidi wa pointi 24 za kujiendeleza, na majimbo mengi huongeza juu yake leseni yao wenyewe. Nataka mlitazame lile jambo la pili. Kabla ya kumruhusu mtu kuingia katika chumba cha mtihani, wanamwuliza kama amewahi kuhukumiwa kwa kosa la jinai, na kama amewahi kufukuzwa au kusimamishwa chuo. Maana yake ni kwamba kosa la kuiba majibu darasani laweza kumngojea mtu mlangoni siku anapoomba cheti.

Njia ya mkato

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu ninawajua vijana waliojaribiwa nalo. Kijana amemaliza chuo, anangojea utarajali au usajili, na nyumbani mambo ni magumu. Anatokea mtu mwenye zahanati anamwambia, "Wewe anza tu kazi, leseni itakuja yenyewe." Mshahara ni mdogo, lakini ni mshahara. Kijana anaanza. Picha anazopiga zinatoka chini ya jina la mtu mwingine mwenye leseni, ambaye hata hayupo. Huyo amekuwa kishoka, na kishoka wa umeme akikosea nyumba huzima taa, ilhali kishoka wa mionzi akikosea hakuna kinachozimika wala kinacholia.

Tena siku likitokea jambo, mwenye zahanati atasema hamjui. Baraza nalo litalikuta jina lake likiwa na doa kabla ya kuandikwa katika daftari, na miaka yote ya masomo itakuwa imepotea kwa sababu ya subira ya miezi michache iliyokosekana.

Kijana wangu, ukiambiwa maneno yale, jibu kwa adabu: "Nashukuru bwana, nitarudi nikiwa na leseni yangu." Kisha nenda ukafanye kazi nyingine yoyote ya halali. Kuuza maji ya kunywa barabarani hakumharibii mtu jina lake.

Hofu za wazazi

Wazazi wengi wameniuliza kwa siri: Je, mionzi haitamfanya mwanangu kuwa tasa? Swali hili ni la haki, nami nalijibu wazi. Kiwango cha juu kinachokubalika kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka katika kipindi cha miaka 5, bila kuzidi 50 katika mwaka wowote mmoja. Utasa wa kudumu husababishwa na dozi za maelfu ya vipimo hivyo kwa mara moja, zaidi ya mara 100 ya ule wastani wa mwaka. Mfanyakazi anayefuata kanuni, akasimama nyuma ya kizuizi na kuvaa kipima mionzi chake, aghalabu hupokea sehemu ndogo tu ya kiwango kile. Na mfanyakazi akipata mimba akatoa taarifa, hupangiwa kazi kwa namna ambayo mtoto hapokei zaidi ya kiwango kidogo mno. Mimi mwenyewe nina watoto 4.

Hofu ya pili ni juu ya mabinti. Baba mmoja aliniambia, "Sheikh, nitampelekaje binti yangu akashike miili ya wanaume?" Nilimwuliza nami, "Mkeo akipata uvimbe katika titi, ungependa apimwe na nani?" Alinyamaza.

Wazee wangu, kipimo cha titi kwa mionzi hakiwezekani bila mpimaji kulishika titi na kulipanga vizuri juu ya bamba la mashine, kisha likabanwa kwa muda mfupi. Nimewaona wanawake walioingia mlangoni, wakamkuta mwanamume, wakageuka na kuondoka. Wengine walirudi wakati uvimbe umekwisha kuwa kidonda. Wala siwalaumu. Nawalaumu sisi tuliotaka wake zetu wahudumiwe na wanawake, kisha tukawazuia mabinti zetu kwenda kusomea kazi hiyo. Tunadai tunda na huku tunaukata mche.

Na yule binti atakayewahudumia wanaume, chuoni atafundishwa adabu zake: kujitambulisha, kueleza kabla ya kugusa, kuomba ruhusa, kufunika kisichohitajika kufunuliwa, na kumwita mwenzake asimame naye inapobidi. Adabu hizi zinamlinda mgonjwa na kumlinda yeye pia.

Ombi langu kwenu

Namalizia kwa kuomba mambo 3.

La kwanza, vijana wetu walioko sekondari wasaidiwe katika Fizikia na Hisabati. Wengi wanaikimbia Fizikia kidato cha pili, na kwa kufanya hivyo wanaufunga mlango huu bila kujua. Wapo miongoni mwetu walimu waliostaafu. Saa 2 za Jumamosi katika ukumbi huu huu zingetosha kuanza. Mimi nitakuja kila nisipokuwa zamu.

La pili, pawepo na mfuko mdogo wa kuwakopesha wahitimu wetu ada ya usajili na nauli katika miezi ile ya kungojea. Tunachanga kwa harusi, na ni vizuri. Tuchange pia ili kijana asilazimike kuuza jina lake kwa mwenye zahanati.

La tatu ni lenu nyote, hata msio na mtoto wa kusoma. Mnapopelekwa kupigwa picha, ulizeni. Mwulize mpigaji jina lake na kama amesajiliwa. Mama mwenye mimba, au anayedhani huenda ana mimba, aseme kabla hajaulizwa, kwani pengine mbele yake amesimama kijana mwenye haya kama nilivyokuwa mimi. Mtu mwenye leseni hatakasirika kuulizwa. Yangu huning'inia ukutani, mahali ambapo mgonjwa aliyelala juu ya meza anaweza kuiona.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, na awape subira ya kuifuata njia yake mpaka mwisho. Vijana wale 3 na wazazi wao, tafadhali msiondoke. Nitakuwa hapa mpaka Alasiri, na fomu za vyuo ninazo katika mkoba.

Wassalaam alaikum wa rahmatullahi wa barakatuh.